Kibano cha Shangazi

Kila ninapokwenda Tukuyu kumwamkia shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, hunikaribisha jikoni kwanza kwa ajili ya baridi, na baada ya kujuliana hali huniomba nimshikie kioo. Macho yake yamepungua nguvu na mkono umeanza kutetemeka, lakini kibano kile kidogo cha chuma hajaacha kukitumia tangu alipokuwa msichana. Hung'oa nywele za kidevuni moja baada ya nyingine kwa subira ya mtu anayechambua mchele, kisha hukifuta kwa pindo la khanga na kukirudisha katika kopo la maziwa ya unga alilolitunza kwa kazi hiyo. Ukoo mzima ulijua kwamba shangazi ana ndevu. Ukoo mzima ulijua pia kwamba alikaa kwa mumewe miaka 14 kabla ya kupata mtoto wake wa pekee. Hata hivyo, sikuwahi kumsikia mtu akiyataja mambo hayo mawili katika mazungumzo mamoja. Ndevu zilichukuliwa kuwa umbile lake tu, na kuchelewa kuzaa kulikuwa suala la wakwe na wazee, likazungumzwa kwa sauti ya chini, likapelekwa kwenye matambiko na baadaye kwenye maombi.

Mimi niliyaunganisha kwa kulazimika, kwa kuwa mwili wangu ulifuata njia ileile. Nimezaliwa Uyole, nikasomea ualimu, na kwa miaka mingi sasa ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Nilipokuwa na umri wa miaka 22, hedhi yangu ilikuwa ikija mara tatu au nne tu kwa mwaka. Nilikuwa na chunusi ambazo hazikuisha ujana ulipopita, nywele ngumu chini ya kidevu, na weusi shingoni ambao niliusugua kwa limau na dodoki nikiamini kuwa ni uchafu. Nilipoolewa na mwaka wa pili ukapita bila mimba, maneno yakaanza. Wapo waliosema ni chango. Wapo waliosema nilitumia vidonge vya uzazi wa mpango nikiwa chuoni, jambo ambalo halikuwa kweli. Jirani mmoja aliniuliza ana kwa ana kama niliwahi kutoa mimba, na swali hilo lilinikaa moyoni kwa muda mrefu kuliko yote. Nilikunywa dawa za kusafisha kizazi za aina tatu, moja ikaniharisha wiki nzima, na katika kituo kimoja nilikopimwa kwa ultrasaundi niliambiwa kwamba nina vimbe vingi katika ovari zote mbili, yaani viungo vinavyotunza mayai ya uzazi, kwamba nimechelewa, na kwamba nijiandae kwa upasuaji. Hakuna aliyenieleza vimbe hivyo vimetoka wapi. Nilirudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa herufi nne, PCOS, kifupisho cha jina la Kiingereza, polycystic ovary syndrome, linalomaanisha hali ya ovari zenye vimbe vingi, na deni la nauli.

Baadaye, daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake jijini Mbeya alinikalisha kwa karibu saa nzima na kunichorea kwa kalamu nyuma ya kadi yangu kile ninachokwenda kukieleza. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya hali hii, na nimefika mahali ambapo naweza kusema kwa uhakika: ovari ndipo inapoonekana, lakini mizizi yake imeenea mbali zaidi, katika ubongo, katika kongosho, katika ini, na katika urithi wa pande zote mbili, wa mama na wa baba. Upande wa baba nitaurudia, kwa sababu ndio unaosahauliwa.

Nianze na neno "vimbe", kwa kuwa ndilo lililonipotosha. Mtu akilisikia hufikiri juu ya kitu kilichoota mahali pasipo pake, kitu kinachopaswa kukatwa na kutupwa. Kumbe vinavyoonekana katika picha ni folikuli, yaani vijifuko vya kawaida vyenye maji ambamo mayai ya uzazi hulelewa. Kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa anavyo. Katika mzunguko wa kawaida folikuli kadhaa huanza kukua pamoja, moja huzitangulia nyingine, hufikia upana wa takriban milimita 20, hupasuka na kuliachia yai. Katika hali hii ya PCOS folikuli nyingi kuliko kawaida huanza safari, kisha husimama zikiwa na upana wa kati ya milimita 2 na 9, hakuna inayotangulia wala inayopasuka, na hujipanga pembezoni mwa ovari kama shanga. Mkulima wa nyanda hizi ataelewa nikisema ni kama shamba la mahindi lililoota vizuri, tena kwa msongamano, likadumaa likiwa na kimo cha magoti bila kutoa mbelewele. Anayelitazama shamba hilo hasemi kwamba mahindi ndiyo ugonjwa, bali huuliza ni nini kilichoyazuia.

Watu wameziona ovari za namna hii kwa muda mrefu. Mwaka 1721 tabibu wa Italia, Antonio Vallisneri, aliandika habari za mwanamke kijana wa kijijini, aliyeolewa, mnene kiasi, asiye na mtoto, ambaye ovari zake zilikuwa kubwa, zenye vinundu, nyeupe na zinazong'aa, zikikaribia ukubwa wa mayai ya njiwa. Mwaka 1921 Wafaransa wawili, Achard na Thiers, walieleza habari za wanawake wenye ndevu ambao pia walikuwa na kisukari. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka shangazi kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri; nilihisi kama mtu aliyekuta jina la ukoo wake katika daftari la ugenini. Lakini waliopewa sifa ya ugunduzi ni Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago, ambao mwaka 1935 waliwaeleza wanawake 7 wenye ovari kubwa, hedhi adimu na, kwa baadhi yao, nywele nyingi mwilini. Waliwafanyia upasuaji wa kuondoa kipande cha kila ovari, na hedhi ikarudi. Kwa sababu ya mafanikio hayo, kwa miongo mingi wengi waliamini kwamba chanzo kimo ndani ya ovari yenyewe. Leo tunajua kwamba kukata sehemu ya ovari kulipunguza kiwanda cha homoni kilichokuwa kikizalisha kupita kiasi, hivyo mfumo mzima ukapata nafuu kwa muda, ilhali kilichokuwa kikikichochea kiwanda hicho kiliachwa pale pale.

Sasa tufike kwenye homoni zenyewe, ambazo ndizo daktari wangu alizichora.

Ndani ya ubongo kuna eneo dogo liitwalo hipothalamasi, ambalo hutoa homoni yake kwa midundo, mfano wa ngoma. Mdundo huo husikiwa na tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo hujibu kwa kutoa homoni mbili zinazoiongoza ovari, ziitwazo kwa kifupi LH na FSH. Mwendo wa ngoma ndio unaoamua ni ipi kati ya hizo mbili itakayotoka kwa wingi: ikipigwa haraka, LH huzidi; ikipigwa taratibu, FSH hupata nafasi yake. Kwa kawaida yai likishatoka, ovari hutoa projesteroni, na projesteroni huuambia ubongo upunguze mwendo. Kwa wanawake wengi wenye PCOS ngoma hupigwa haraka mfululizo, na ubongo hauisikii vizuri sauti ya projesteroni, hata pale inapokuwapo. Matokeo yake ni LH nyingi kuliko inavyohitajika na FSH pungufu ya ile ambayo folikuli zinaihitaji ili moja wapo ikomae.

LH hiyo huenda kwenye seli za ukuta wa nje wa folikuli, ambazo kazi yake ni kutengeneza androjeni, kundi la homoni ambalo testosteroni ni mojawapo. Watu wengi husema kwamba hizo ni homoni za kiume, na usemi huo umewaumiza wanawake wengi bila sababu, maana kila mwanamke anatengeneza androjeni na hawezi kutengeneza estrojeni bila kupitia huko. Seli za ndani ya folikuli, zikiongozwa na FSH, huzichukua androjeni hizo na kuzigeuza kuwa estrojeni kwa kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Tatizo ni la uwiano. Ukuta wa nje unapochochewa sana na wa ndani ukachochewa kidogo, androjeni hurundikana, kisha humwagika katika damu na kwenda kufanya kazi mahali pengine: kidevuni huota nywele nene, usoni hutokea chunusi, na utosini nywele hupungua. Seli za ukuta wa nje kutoka kwa wanawake wenye hali hii zimewahi kukuzwa maabara, mbali kabisa na mwili na mbali na LH ya mwenyewe, na bado ziliendelea kutengeneza androjeni nyingi kuliko za wanawake wengine. Maana yake ni kwamba tabia hiyo seli zimeibeba ndani yake, na hapo ndipo suala la urithi linapoanza kuonekana.

Kabla ya urithi kuna insulini, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndiyo sehemu iliyobadilisha maisha yangu. Insulini hutolewa na kongosho baada ya chakula ili sukari iingie katika misuli na kutumika. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliona kwamba wanawake wenye PCOS waliokuwa na androjeni nyingi walikuwa pia na insulini nyingi katika damu, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba wengi wao, wakiwamo wembamba, misuli yao haiitikii insulini ipasavyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi ili sukari ibaki katika kiwango chake. Jambo la kusikitisha ni kwamba usugu huo hauko mwilini kote. Misuli ikiwa imeziba masikio, ovari bado inasikia vizuri kabisa, na insulini ile iliyozidi huungana na LH katika kuzichochea seli za ukuta wa nje zitengeneze androjeni. Ini nalo husikia, na likiona insulini nyingi hupunguza utengenezaji wa protini inayozibeba na kuzifunga homoni za jinsia ndani ya damu. Protini hiyo ikipungua, testosteroni iliyo huru, ambayo ndiyo inayofanya kazi, huongezeka. Ndiyo maana mwanamke anaweza kupimwa testosteroni yote kwa jumla na kuambiwa iko sawa, huku kidevu chake kikitoa ushahidi tofauti. Ngozi pia husikia. Ule weusi wa shingoni na kwapani, laini kama mahameli, ni alama ya insulini iliyozidi, na miaka yote niliyojisugua hadi kutoka damu nilikuwa ninasugua habari za kongosho langu.

Kisha mambo hayo hufungana kama pete. Androjeni nyingi huudhoofisha uwezo wa ubongo wa kuisikia projesteroni, ngoma ikazidi kwenda haraka, LH ikazidi, androjeni zikazidi. Yai lisipotoka, projesteroni haitengenezwi, kwa hiyo hakuna wa kuituliza ngoma. Folikuli ndogo zilizorundikana nazo hutoa homoni nyingine, AMH, ambayo huzifanya folikuli zisiitikie FSH vizuri, na kwa kuwa ziko nyingi, AMH yao nayo ni nyingi. Ukiuliza pete hiyo imeanzia wapi, utaona kwamba kila wataalamu wanapoishika kwenye nukta moja huwavuta kuelekea nukta inayofuata. Naamini kwa wanawake tofauti huanzia mahali tofauti, na hilo linaeleza kwa nini mwenzangu wa Makambako mwenye hali hii ni mwembamba, ana ndevu nyingi na sukari yake haina tatizo, ilhali mimi nina nywele chache na insulini yangu ndiyo iliyokuwa juu.

Ninapofundisha urithi kwa Kidato cha Nne huanza na Mendel na njegere zake, kwa sababu mtaala ndivyo unavyotaka: jeni moja, sifa moja, mrefu au mfupi, bila katikati. Kisha huwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka kwenye shamba la mahindi la shule. Huwaambia watafute mhindi mrefu na mhindi mfupi, nao hukuta wa kila kimo. Mavuno ya mhindi hayaamuliwi na jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na juu yake mvua, mbolea na udongo. Ndiyo maana mbegu chotara ya Uyole ikipandwa Igawilo na ikipandwa bonde la Usangu haitoi mavuno yaleyale, ingawa mbegu ni moja. PCOS ni ya aina hii ya pili. Anayetafuta jeni moja ya kuilaumu hataipata.

Kwamba urithi una nguvu, hilo halina shaka. Uchunguzi wa mapacha uliofanyika Uholanzi na kutolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mapacha wanaofanana kabisa hufanana pia katika hali hii kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko mapacha wasiofanana au ndugu wa kawaida, na watafiti walikadiria kwamba karibu asilimia 70 ya tofauti kati ya mtu na mtu inatokana na urithi. Miaka 8 kabla yake, huko Marekani, dada wa wanawake wenye PCOS walipimwa: asilimia 22 walikuwa nayo, na wengine asilimia 24 walikuwa na androjeni nyingi ingawa hedhi zao zilikuja kwa wakati. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya dada hao walikuwa wamebeba kitu fulani, na nusu ya hao hawakuwa na dalili ya hedhi ambayo ingewafanya washtuke. Katika familia zetu zenye wasichana watano au sita, hesabu hiyo inatosha kumfanya mzazi akae na kufikiri.

Mwaka 2011 watafiti wa China walichunguza vinasaba vya maelfu ya wanawake na kupata maeneo matatu yanayohusiana na hali hii, mawili katika kromosomu ya 2 na moja katika kromosomu ya 9. Moja lina jeni iitwayo LHCGR, ambayo ndiyo maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha LH, yaani sikio lenyewe ambalo ovari hulitumia kuisikia LH. Jingine lina THADA, ambayo tafiti nyingine ziliihusisha na kisukari cha aina ya pili. La tatu lina DENND1A, na hii imewavutia watafiti sana, kwa kuwa mwaka 2014 ilionekana kwamba umbo moja la protini yake linapatikana kwa wingi katika seli za ukuta wa nje wa folikuli za wanawake wenye PCOS, na seli za kawaida zilipoongezewa umbo hilo zikaanza kutengeneza androjeni kwa wingi kama zile za wagonjwa. Tafiti zilizofuata ziliongeza jeni ya kipokezi cha FSH, jeni ya kipokezi cha insulini na nyinginezo. Ukiyapanga majina hayo juu ya mchoro wa daktari wangu utaona yanaangukia kwenye nukta zilezile za pete: LH, FSH, insulini, androjeni.

Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliojumlisha zaidi ya wanawake 10,000 wenye PCOS na zaidi ya 100,000 wasio nayo, ulithibitisha maeneo 14, na ulikuta kwamba wanawake waliotambuliwa kwa vigezo tofauti wanashirikiana kwa sehemu kubwa msingi mmoja wa urithi. Ulikuta pia kwamba urithi wa PCOS unagusana na urithi wa uzito, wa insulini, wa sonona, na, jambo lililonifanya niweke simu chini na kutoka nje kupunga upepo, wa upara wa wanaume. Baba yangu alikuwa na upara kabla ya kufikisha miaka 30. Alikuwa mwembamba, mtu wa kutembea kwa miguu kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, na alipatikana na kisukari akiwa na miaka 41. Hakuwa na ovari, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza lolote, lakini jeni zilezile zilizompa dada yake kibano ndizo alizozibeba na kunikabidhi mimi. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na ambaye alikuwa akinisindikiza kwa waombaji kwa nia njema kabisa, alikuwa akiuliza juu ya ukoo wa mama yangu tu. Kwa mila zetu uzazi hutafutwa kwa wanawake. Urithi hauitambui mila hiyo.

Ni haki kusema pia kwamba maeneo yote hayo yaliyokwisha kugunduliwa yanaeleza sehemu ndogo tu, chini ya asilimia 10, ya urithi ule ambao mapacha walituonyesha, na kwamba wengi wa wanawake waliochunguzwa ni wenye asili ya Ulaya na China. Wanawake wa Afrika ni wachache mno katika hesabu hizo. Hilo linaniumiza kama mwalimu na kama mgonjwa, kwa kuwa sisi ndio tunaobeba utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba duniani, na majibu mengi huenda yako katika damu yetu, ikiwamo ya vijiji vya Rungwe na Kilolo.

Sehemu nyingine ya jibu imo tumboni mwa mama. Nyani wa kike wa jamii ya rhesus waliopata androjeni nyingi wakiwa bado hawajazaliwa walikua na dalili zinazofanana na PCOS, ikiwamo mizunguko iliyovurugika na usugu wa insulini. Mwaka 2018 watafiti wa Lille, Ufaransa, waliwapa panya wajawazito AMH nyingi, na watoto wa kike wa panya hao wakakua na ngoma ya ubongoni inayopigwa haraka, LH nyingi na testosteroni nyingi. Panya si binadamu, na sitaki mama yeyote asome sentensi hii na kujilaumu kwa mimba aliyoibeba. Nilichojifunza ni kwamba mazingira ya tumboni yanaweza kuupa mwili mwelekeo bila jeni yoyote kubadilika, na kwamba huenda kile tunachokiita urithi wa mama hupitia njia mbili kwa wakati mmoja.

Juu ya unene nitasema machache. Ni kweli kwamba uzito ukiongezeka usugu wa insulini huongezeka na pete huzidi kukaza. Ni kweli pia kwamba kwa baadhi ya wanawake wanene kupunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10 huweza kurudisha hedhi. Lakini wembamba wanaipata, na wanene wengi hawana, na insulini nyingi yenyewe huufanya mwili uwe mwepesi wa kuhifadhi mafuta. Nimekaa katika vyumba vya wahudumu walionitazama na kuniambia "acha chipsi" kabla hata sijaketi. Mwongozo wa kimataifa juu ya PCOS wa mwaka 2023 unawataka wahudumu wajiepushe na kumnyanyapaa mgonjwa kwa uzito wake, nami ningependa maneno hayo yasomwe katika kila kliniki ya nyanda hizi.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wenye hali hii ni kati ya asilimia 8 na 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui. Kumtambua mtu mzima hakuhitaji mashine kubwa: vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 vinataka mambo mawili kati ya matatu, yaani hedhi iliyovurugika, androjeni nyingi kwa dalili au kwa kipimo cha damu, na ovari zenye folikuli nyingi, baada ya kuhakikisha kwamba si tezi ya shingo, si prolaktini (homoni ya maziwa) iliyozidi, na si tatizo la tezi za juu ya figo. Mwenye mambo mawili ya kwanza hahitaji hata ultrasaundi. Asichopaswa kufanya ni kufurahia kwamba hedhi haimsumbui. Bila projesteroni utando wa ndani ya mji wa mimba huendelea kujengeka bila kumomonyoka, na kwa miaka mingi hali hiyo huongeza hatari ya saratani ya utando huo. Hedhi isiyoonekana kwa zaidi ya miezi mitatu ni sababu ya kumwona daktari hata kama mtu hatafuti mtoto. Sukari nayo ipimwe mara kwa mara.

Mimi nilipewa metformini kwa ajili ya insulini, na baadaye letrozoli, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, ambayo huzuia aromatesi kwa siku chache ili ubongo uone kwamba estrojeni imepungua na kuongeza FSH. Katika jaribio la wanawake 750 lililotolewa mwaka 2014, asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walijifungua watoto hai, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni, dawa nyingine ya kuchochea yai litoke. Nilipozielewa dawa hizo, nilizimeza bila hofu. Mwanangu wa kiume sasa ana miaka 5. Amechukua paji la uso la babu yake, na maadamu niko hai nitahakikisha sukari yake inaangaliwa.

Nilipomweleza shangazi haya yote, jikoni kwake, alinyamaza kwa muda akikichezea kibano. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mume wangu hakukosea, wala mimi sikukosea?" Nikamwambia hakuna aliyekosea. Akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mara mbili, na kuniomba nimpeleke akapimwe sukari. Ilikuwa juu. Sasa anatumia dawa.

Kaka yangu ana binti wa miaka 14, aliyevunja ungo miaka miwili iliyopita, na kwake mimi ndiye shangazi. Mwezi Aprili wifi alinipigia simu akiwa na wasiwasi, akitaka kumpeleka mtoto akapigwe ultrasaundi kwa kuwa hedhi yake haifuati siku 28. Nilimsihi asifanye hivyo. Ovari za wasichana wengi wenye afya huonekana zimejaa folikuli, na mwongozo unasema kipimo hicho kisitumike kutambua PCOS kabla ya miaka 8 kupita tangu hedhi ya kwanza. Katika umri wake, mzunguko wa hadi siku 45 bado ni wa kawaida. Tulikubaliana kwamba waandike tarehe tu. Juzi alinitumia picha ya kalenda iliyotundikwa ukutani, yenye alama tatu za kalamu nyekundu: tarehe 9 Mei, 14 Juni na 17 Julai. Nilizihesabu mara mbili nikiwa katika chumba cha walimu. Siku 36, kisha siku 33.